Kengele za Kahawia

Wenlow, Herefordshire
8 Mei 1872

Keturah,

Nakutumia mifano sita ya Toleo la Tisa la kitabu chetu cha maua ya Bonde la Lugg, kinachotoka sehemu kwa sehemu. Imo kati ya mbao mbili, na nimemwambia yule mtu wa stesheni kwamba akiikunja nitamfuata mwenyewe mpaka London. Wa kwanza ni wa yale maua ya kengele za buluu ya msitu wa nyuma ya kanisa. Nilikaa nazo siku nne kwenye umande na magoti yangu bado yananinunia.

Unaijua kazi yako, lakini nitasema tena kwa sababu wasichana wa meza yako, wanaopaka rangi karatasi zilizochapwa, wanabadilika kila Krismasi. Rangi niliyoiweka kwenye mfano ndiyo rangi ya ua. Wapake kile wanachokiona kwenye mfano, si wanachokikumbuka, wala si walichokiona kwenye kofia za madukani. Nilikufundisha hivyo ukiwa na miaka tisa na kamasi puani, hapa hapa kwenye Nyumba ya Wasichana niliyowajengea maskini, na sijabadili mawazo.

Watengeneza rangi siku hizi ni wezi. Buluu niliyoletewa ilikuwa nzito, haina uhai, nikaichanganya mara tatu ndipo ikakubali. Karatasi nayo imeingia umanjano. Hata madirisha ya nyumba hii yamefifia, sijui ni moshi au ni nini. Nimemwambia Zillah ayaoshe kwa siki, naye anaapa ameshayaosha.

Tangu Bi Ord afariki Januari, chumba cha kuchorea kimekuwa kikubwa mno. Miaka kumi na minane alinisomea magazeti wakati nachora, nami nikamwambia anyamaze. Sasa amenyamaza. Basi nachora tangu asubuhi mpaka mwanga uishe, na nashukuru kwamba kazi ipo.

Euphemia Standish

*

Clerkenwell, London
13 Mei 1872

Zillah shoga yangu,

Wewe uko jikoni kwa Bibi kila siku, mimi niko mbali, kwa hiyo nakuuliza wewe na tafadhali usinifiche. Kengele za buluu alizonitumia ni za kahawia. Sisemi buluu iliyochujuka. Kahawia kabisa, ya mchuzi wa nyama wa Jumapili, na majani yake yamekaribia rangi hiyo hiyo. Mchoro wenyewe hauna doa. Mistari yake ya kalamu bado inanifanya nione haya kwamba nami najiita fundi.

Na haikuanza leo. Kwenye Toleo la Sita kulikuwa na ua moja la zambarau alilolipaka jekundu. Nikadhani mkono wake umeshika kipande cha rangi kisicho sahihi, basi nikachukua karatasi nyingine iliyochapwa, nikapaka mfano mpya mwenyewe, wake nikaufungia kwenye droo. Toleo la Saba yakawa mawili, la Nane manne. Safari hii ni yote sita. Nakwenda sokoni mapema, nanunua ua lile lile, naliweka kwenye glasi dirishani, napaka mfano wangu, kisha nawapa wasichana wauige. Wao hawajui. Bwana Pargeter mchapishaji hajui. Watu wanasifu rangi za Bi Standish, naye anadhani ni zake.

Unakumbuka Zillah tulivyochapwa vidole kwa kuongeza rangi ambayo haikuwepo kwenye mfano? Mimi ndiye ninayefanya hivyo sasa, kwa Bibi mwenyewe, na kila nikimaliza nasikia vidole vinawasha.

Niambie, anaona?

Keturah

*

Wenlow
20 Mei 1872

Keturah mwenzangu,

Haoni vizuri. Naandika haya huku nikiangalia mlango.

Anamimina chai akiwa ametia kidole ndani ya kikombe, ajue kimejaa. Ngazi anazihesabu kwa midomo. Wiki iliyopita aliingia ukumbini akalisemesha koti la marehemu Bi Ord, maana hataki liondolewe pale ukutani. Alisema, "Umechelewa leo, Ord." Akasimama. Halafu akalipapasa mkono, akapanda juu, na chakula cha mchana hakukigusa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na sinia, nikarudi jikoni nikalia kwenye unga.

Ni ugonjwa wa mtoto wa jicho. Bibi yangu mzaa mama alikuwa nao kabla sijaletwa kwenye Nyumba, naujua ule weupe wa maziwa kwenye mboni. Nilithubutu kumtajia daktari wa Hereford, akaniambia nirudi kwenye viazi vyangu. Anasema ni madirisha. Keturah, nimeyaosha hayo madirisha mpaka mikono imechubuka, na kila nikimaliza anasema nimemdanganya.

Usimwambie, nakuomba. Bi Ord hayupo. Wale wasichana wa Nyumba siku hizi wana msimamizi wao, hawaletwi tena huku juu kujifunza. Watu waliokuwa wakija kunywa chai wamezeeka au wamekufa. Amebakiwa na kile kiti na brashi zake. Ukimwondolea hivyo utakuwa umemzika akiwa mzima. Wewe paka tu kama unavyopaka, nami nitaendelea kuosha madirisha.

Mbwa wa Bibi hajambo. Amenenepa.

Zillah Preece

*

Wenlow
30 Juni 1872

Keturah,

Bwana Pargeter amenitumia nakala za kwanza za Toleo la Tisa kabla hazijaenda madukani. Nimezishika mkononi asubuhi nzima na bado siamini.

Hukujua kwamba kila mfano ninaoutuma kwako naupaka mara mbili, mmoja wako, mmoja wa kubaki hapa. Nimeziweka kengele zako kando ya zangu kwenye dirisha la kusini, nikachukua kioo cha kukuzia. Zangu zina mwanga. Zako ni giza tupu, kana kwamba mtu amemwaga wino. Si kengele tu. Zote sita. Si msichana mmoja aliyesinzia, ni meza nzima haikuangalia mfano.

Nimekuwa nikijisifu kwa ajili yako. Nilimwambia kasisi kwamba kati ya wasichana arobaini waliopita kwenye Nyumba yangu, wengi wamekwenda kusugua sakafu za watu, lakini mmoja ana jicho. Nilisema hivyo. Sasa nataka kujua ni nani kati yenu aliyeamua kwamba anayajua maua ya msitu wangu kuliko mimi.

Nijibu upesi na bila kupamba maneno.

Euphemia Standish

*

Clerkenwell
4 Julai 1872

Bi Standish mheshimiwa,

Kosa ni langu peke yangu. Nilikuwa na homa mwishoni mwa Mei, nikamwachia msichana mgeni kazi ya kuchanganya rangi, naye akazikoleza kupita kiasi. Wenzake wakamfuata bila kuuliza. Nilipopona sikulinganisha na mfano kama ulivyonifundisha, kwa sababu nilikuwa na haraka. Sina la kujitetea.

Mchoro wa kengele ni mzuri kuliko yote uliyowahi kunitumia. Naomba uamini hilo hata kama huniamini katika mengine.

Mtumishi wako,
Keturah Tranter

*

Ofisi ya Uchapishaji ya Pargeter, London
15 Julai 1872

Kwa Bi Tranter,

Kwa maelekezo ya Bi Standish, karatasi zote za Toleo la Tisa zilizopakwa kwenye meza yako zimewekwa kando. Kazi itarudiwa na karakana nyingine, kwa kuiga mifano ambayo Bi Standish ameitunza nyumbani kwake na ametutumia mwenyewe. Ameagiza waifuate bila kuongeza wala kupunguza.

Nasikitika. Binafsi nilizipenda za kwako. Lakini kitabu ni chake, na yeye ndiye anayejua maua.

Josiah Pargeter

*

Clerkenwell
3 Agosti 1872

Zillah shoga,

Meza imefungwa. Wasichana wawili wamepata kazi kwenye kiwanda cha maua ya karatasi, mmoja amerudi kwao Kent, na yule mgeni niliyemsingizia kwa Bibi anauza maziwa mtaani kwetu. Kila akinipita ananisalimia vizuri, maskini, nami najifanya natafuta kitu mfukoni. Mimi napaka ramani. Nchi hii waridi, ile manjano, mto buluu. Hazihitaji jicho, zinahitaji mgongo tu.

Nilienda mpaka mlangoni kwa Bwana Pargeter nimwambie aangalie ile mifano ya Bibi kabla ya kuipeleka karakana. Niliyoifungia kwenye droo yangu ni mibaya, na hii aliyoitunza yeye lazima ni ndugu zake. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Halafu nikajiuliza atafanya nini akishajua, nikaona atamwandikia, kwa heshima zote, na Bibi atasomewa barua hiyo na kasisi mbele ya chai. Nikageuka. Nilirudi kwa miguu njia nzima huku nikijiambia karakana haiwezi kupaka kengele za buluu rangi ya kahawia, kwamba lazima mtu mmoja kati yao amewahi kutembea msituni mwezi wa Mei.

Lakini wewe na mimi tunajua kazi hii ilivyo. Watapaka wanachokiona kwenye mfano.

Jumapili hukaa chumbani peke yangu na kunyoosha brashi ambazo sina cha kufanya nazo. Niandikie hata kama huna habari.

Keturah

*

Wenlow
19 Oktoba 1872

Keturah Tranter,

Toleo la Tisa limetoka. Kasisi Lethbridge alikuja nalo mwenyewe Jumatano, maana anakipenda kitabu hicho na hununua nakala ya kwanza. Nilimsikia akifunua ukurasa mmoja mbele na nyuma, mbele na nyuma. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema, "Bi Standish, mimi nimezaliwa hapa. Kengele za kahawia sijawahi kuziona."

Nilimwambia karakana ya London imeharibu. Nilikuwa nimeshakasirika, tayari kuwaandikia. Akasema kwa upole, na upole ule sitausahau, kwamba mfano wangu ameuona juu ya meza, umerudishwa, nao ni wa rangi hiyo hiyo.

Alipoondoka nilimwita Zillah. Nilimbana mpaka akasema yote, droo yako, glasi yako dirishani, madirisha yangu ambayo hayakuwa na kosa. Nilimwambia akusanye vitu vyake. Aliondoka Alhamisi kwa gari la mkate, amekwenda kwa dada yake Leominster.

Mlikaa, wewe na yeye, mkaandikiana juu yangu. Mliamua nijue nini na nisijue nini. Wasichana niliowafundisha kushika kijiko. Najua mtasema ni huruma. Mimi nimewahurumia watu maisha yangu yote, nimejenga nyumba nzima kwa huruma, na sikuwahi kujua ladha yake upande wa pili. Ni chungu.

Lakini si hilo linalonifanya niandike. Daktari wa Hereford amekuja hatimaye. Anasema ugonjwa wa mtoto wa jicho haujaiva, nisubiri uive ndipo akate, na hata akikata haahidi kitu. Nilimuuliza nilikuwa naona kiasi gani mwaka jana. Akasema mengi. Mwaka jana, Keturah, uliponifungia mfano wangu wa kwanza kwenye droo, nilikuwa bado naona mengi. Ningejua, nisingekaa mezani. Ningetoka nje nikaangalia. Ningeuangalia uso wa Ord alipokuwa akifa badala ya kumalizia jani la ua moja, kwa kudhani nina miaka ya kuona. Mliniibia mwaka huo, na hamna namna ya kuurudisha.

Nirudishie mifano yangu yote uliyoificha. Na yako uliyoipaka badala yake. Naitaka yote.

E. Standish

*

Clerkenwell
26 Oktoba 1872

Bi Standish mheshimiwa,

Nimeandika kwa herufi kubwa na wino mzito. Natumaini hutaona ni dharau.

Mifano imo kwenye kifurushi, yako kumi na mitatu na yangu kumi na mitatu. Sikuweka alama. Nilidhani utataka kuitenganisha mwenyewe.

Kuhusu ule mwaka, ni kweli tulikuibia. Sikuufikiria. Nilifikiri juu ya kitabu, na juu ya watu watakavyocheka, na juu yako umekaa bila kazi, lakini kwamba ulikuwa na vitu vya kuangalia kwa mara ya mwisho, hilo halikunijia. Lingenijia ningekuja kwa treni ya kwanza. Ninalibeba, na nitalibeba.

Uwongo wa homa na msichana mgeni ulikuwa wangu. Zillah alinyamaza kwa sababu anakupenda, na uliposema ni madirisha aliyaosha. Mrudishe, tafadhali. Usinirudishe mimi, mrudishe yeye.

Sasa na mimi nitasema jambo moja, kwa kuwa nimeshapoteza cha kupoteza. Ni miaka ishirini na miwili tangu uniweke kwenye treni ya London na sanduku la rangi. Nina barua zako mia mbili na zaidi. Zote zinauliza habari za buluu. Hakuna hata moja inayouliza habari zangu. Niliolewa, Bi Standish. Aliitwa Amos, alikuwa anatengeneza saa, alikufa kwa kifua mwaka wa sitini na nane. Sikukuandikia kwa sababu sikuona mahali pa kuiweka habari hiyo kati ya maua. Kwa hiyo tulifichana, wewe na mimi, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikijua kwamba tunafichana.

Kama unataka mtu wa kuangalia rangi zako, nitakuja. Ramani hazitanililia.

Keturah

*

Wenlow
24 Novemba 1872

Keturah mpenzi,

Utaona mistari imepinda. Naandika kwa kufuata ukingo wa rula, na pale inapopanda kilima ujue rula imeteleza.

Kifurushi kilifika. Nilipanga karatasi zote ishirini na sita kwenye meza ndefu chini ya dirisha. Nilikuwa nimejiandaa kuzijua zangu. Hata kwa macho haya, nilijiambia, mtu huujua mkono wake. Nilianza na kengele. Nikazishika mbili, moja kwenye kila mkono, nikazisogeza karibu, nikazipeleka mbali. Nikazijaribu kwenye jua na kwenye kivuli. Zote mbili zilikuwa ua zuri la rangi ya moshi. Nikaenda ya pili, ya tatu, mpaka mwisho wa meza. Basi nikafungua mdomo nimwite mtu aje aniambie ipi ni ipi, na jina lililokuja lilikuwa la Ord, na la pili lilikuwa la Zillah, na la tatu lilikuwa lako.

Nilikaa pale mpaka meza yenyewe ikapotea gizani. Msichana anayekuja asubuhi amezipanga tena kwenye kifurushi bila mpango wowote, maana ananiogopa mno, hathubutu kuuliza.

Zillah nimemwandikia mara mbili. Hajajibu. Nilimfukuza kwa gari la mkate, ana haki ya kunyamaza. Bwana Pargeter ameliondoa Toleo la Tisa madukani na atauza zile karatasi zilizowekwa kando, za meza yako, na nimemwambia jina lako liandikwe chini ya langu kwenye matoleo manne. Usinishukuru. La Kumi halitakuwepo.

Habari za Amos nimezisoma kwa kioo, neno moja moja, kwa siku mbili. Nilipofika kwenye saa nilirudi mwanzo. Nilitaka kujua alikuwa mrefu au mfupi, na kama alikuwa akikuchekesha, na kama ulikuwa peke yako siku ya mazishi. Nina miaka sitini na sita na sijui namna ya kumuuliza mtu mambo kama hayo, kwa hiyo nimeyaandika tu hapa.

Njoo. Usije kuangalia rangi, brashi nimezifunga kwenye kitambaa na kuzigawa kwa wasichana wa Nyumba. Njoo ukae upande wa pili wa meza uniambie nje kuna nini. Ukiniambia ni buluu nitakubali ni buluu. Nitakusikiliza mpaka umalize. Sijawahi kumfanyia mtu hivyo, kwa hiyo itabidi univumilie siku za mwanzo.

Euphemia